Koha baada ya mwaka mmoja maktabani kwetu: programu naipa nyota 4, semina nyota 2

Naanza kwa kusema mi siyo mkutubi. Ni mwalimu wa Jiografia, shule ya bweni huku mkoani Morogoro, na maktaba nilipewa kama wanavyopewa walimu wengi tu, mwenzangu aliyekuwa anaishika alihamishwa, mkuu akaniita ofisini akanikabidhi bunda la funguo na daftari moja kubwa jekundu akasema madam utatusaidia na huko. Nikajua ni wiki mbili. Huu mwaka wa sita.

Lile daftari ndo lilikuwa mfumo wote. Ukiazima unaandika jina, kidato, kitabu, tarehe, unasaini, ukirudisha tunakata kwa mstari. Na wala halina shida mpaka siku unayotaka kuliuliza swali. Nani anacho kile kitabu cha Fizikia? Hapo sasa unapekua kurasa mpaka vidole vinakauka, unakuta kimeandikwa Juma F3, na kidato cha tatu kina kina Juma watano, mmoja ameshahama shule. Mwisho wa 2022 tulihesabu kila kitu, vitabu 340 havikuwepo rafuni wala daftarini havionyeshi vimeenda kwa nani, na aliyesaini makabidhiano ni mimi. Siku ile sikula.

Ndo nikaanza kutafuta programu. Kuna kampuni moja ilituletea bei ya mfumo wao, unalipa kila mwaka kwa dola, mhasibu akaisoma ile karatasi akanirudishia bila kusema neno. Mwalimu wetu wa kompyuta ndo akanitajia Koha, akasema vyuo vikuu vingi wanaitumia na ni bure. Sasa mnajua hili neno bure lilivyo, kwahiyo niliingia nikiwa na wasiwasi wangu.

Kwa asiyeijua, Koha inaendesha maktaba nzima, katalogi, kuazimisha, orodha ya wasomaji, faini, ripoti, vyote humo ndani. Ni programu huria kwa leseni ya GPL, unaichukua, unaitumia, ukiwa na akili unaibadilisha, na hakuna mtu atakutumia ankara Desemba. Asili yake ni New Zealand, kwenye wilaya moja inaitwa Horowhenua, maktaba zao zilikuwa na mfumo wa zamani ulioogopewa kwamba mwaka 2000 ukiingia utakata moto, ile hofu ya kompyuta kushindwa kusoma tarehe, wakubwa mnaikumbuka. Badala ya kununua mwingine wa bei mbaya wakawapa kazi kampuni ndogo inaitwa Katipo, na kwakuwa matawi yao yalikuwa yanaunganishwa kwa laini za simu za kawaida ikabidi itengenezwe kitu chepesi kinachofunguka kwenye brauza. Tarehe 3 Januari 2000 ikaanza kazi, halafu wakaiachia dunia nzima. Jina lenyewe ni la Kimaori, maana yake zawadi, ile anayokuja nayo mgeni, na kwao zawadi hiyo ina heshima ya kurudishiana, yani kama sisi tusivyoenda ugenini mikono mitupu na mwenyeji naye hakuachi uondoke hivohivo. Niliposikia hilo nikaipenda kabla sijaiwasha. Nilipoiwasha mapenzi yakapungua kidogo hahaha.

Sasa semina. Shule ikatulipia mimi na mwalimu wa kompyuta siku tano, hotelini, 450,000 kila mmoja, nauli na malazi juu yake. Waandaaji siwataji. Siku ya kwanza nzima tulifundishwa TEHAMA ni nini, faida za TEHAMA, changamoto za TEHAMA, mi nimekaa pale nawaza vipindi vyangu vya kidato cha nne nilivyoviacha. Siku ya pili slaidi za Koha, picha za skrini za toleo la zamani, vitufe havipo hata mahali walipokuwa wanasema. Siku ya tatu ndo mazoezi, watu thelathini na kitu kwenye intaneti ya hoteli, wote tunaingia kwenye Koha moja ya majaribio, mmoja akifuta kitu kimefutika kwa wote, kuna mama mmoja kutoka chuo fulani aliorodhesha kitabu kimoja kuanzia saa nne hadi saa saba mchana na alipomaliza hakikuonekana. Siku ya nne umeme. Siku ya tano mgeni rasmi alichelewa, tukapiga picha, tukapewa vyeti vinang'aa kweli, changu nimekitia kwenye fremu kwasababu fremu ilikuwepo.

Neno seva, yani ile kompyuta inayobeba mfumo wote, lilitajwa kuliko chai. Hakuna hata mmoja wetu aliyeiona hiyo seva, wala aliyeonyeshwa inawekwaje kwenye mashine yako mwenyewe ukirudi kwako ambako hakuna mwezeshaji.

Nyota mbili nazitoa kwa kijana mmoja tu, alikuwa msaidizi wa wawezeshaji, jioni ya mwisho wengine wameenda kubadilisha nguo yeye akatukalisha koridoni na laptopu yake dakika arobaini, akatuonyesha namna ya kuchukua orodha ya vitabu iliyopo kwenye Excel na kuipitisha kwenye MarcEdit, hiyo nayo ni programu ya bure, ya Terry Reese wa Marekani, inaibadilisha orodha yako kuwa rekodi ambazo Koha inazielewa. Dakika arobaini zile ndo tulizozilipia 900,000. Na lile grupu la WhatsApp la semina, ambalo saivi ni la habari za asubuhi na maua, lina watu wawili ambao nikikwama saa tano usiku wananijibu, kwahiyo na hao niwahesabie humohumo.

Mtu akiniuliza leo semina nzuri ya wakutubi na walimu wa maktaba iweje ntamwambia kila mtu aje na vitabu hamsini vya kwake, aje na orodha ya wanafunzi wake, aje na mashine ya shule, na asiondoke mpaka mtoto wa kidato cha kwanza wa shule ya jirani aweze kuja kuazima kitabu kwenye ile mashine. Slaidi mtume kwenye simu tutasoma kwenye basi.

Basi tukarudi. Koha inakaa kwenye Linux, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows, sisi tuliweka aina yake moja inaitwa Debian kwenye desktopu ya zamani ya ofisi ya taaluma, tukaiongeza RAM ikafika 8GB. Mwalimu wa kompyuta alijifungia nayo Jumamosi na Jumapili, anafuata mwongozo wa bure wa mtandaoni mstari kwa mstari, Jumapili jioni akanipigia anasema madam njoo uone. Ukurasa mweupe, pa kuingiza jina na neno la siri. Tulishangilia kama tumefunga goli.

Kumbe mechi haijaanza. Wiki ya kwanza tu asubuhi moja Koha haipo, unaandika anwani haifunguki, nikamwambia mkuu imekufa, kumbe ruta ilizimwa usiku na ilipowashwa ikaipa ile desktopu anwani nyingine. Ukiifunga seva yako tafadhali ipe anwani isiyobadilika, hiyo hawakutuambia hotelini.

Kilichotuokoa ni binti mmoja wa field kutoka Bagamoyo, pale chuo cha ukutubi, SLADS, alikuja kwetu wiki nane za mafunzo kwa vitendo. Mtoto mdogo, mpole, shikamoo madam kila akipita, lakini ukimpa rekodi ya kitabu anakuwa mtu mwingine. Tukaanza Alhamisi zetu, baada ya vipindi, mimi, mwalimu wa kompyuta, huyo binti, na mama wa kaunta ambaye yuko maktaba hii tangu kabla mimi sijaanza kazi na alikuwa ameshatutangazia kwamba yeye kompyuta hapana, amebakiza miaka miwili astaafu tumwache na daftari lake.

Sasa niwaeleze MARC, ule mpangilio wa kuandika rekodi za vitabu, maana ndo inayowatisha wengi. Kila taarifa ya kitabu ina namba yake. 100 mwandishi, 245 jina la kitabu, 020 ISBN, ile namba ya kitabu inayochapwa nyuma ya jalada, 082 namba ya Dewey, ile ya kupanga vitabu rafuni kwa mada, 650 mada, na ya Koha yenyewe 952 ambayo ndo nakala uliyoishika mkononi, bakodi yake, rafu yake, bei yake. Ukifungua ule ukurasa mara ya kwanza una visanduku mpaka unataka kulia, ila binti wa Bagamoyo akatuambia vingi vifiche, tengeneza fomu yako fupi yenye unavyovihitaji tu, na Koha inakubali. Yetu ina visanduku kumi na nne. Mama wa kaunta akaziandika namba nyuma ya kalenda, akaibandika ukutani, baada ya mwezi nikamsikia anamwambia mtu, mwanangu hii 245 yake imekosewa, rudia. Nikageuka nimtazame, akajifanya anapanga magazeti.

Kwenye kuingiza data tuliteseka na makosa ya kijinga ambayo nayasema hapa ili mwingine asirudie. Namba za wanafunzi kwetu zinaanza na sifuri, 0127, Excel ikaona ujanja ikaifuta sifuri ikawa 127, tukaingiza wanafunzi 600 wote namba zimekatwa mkia wa mbele, tukafuta, tukaanza upya, safu yote unaiweka kuwa maandishi kabla hujaandika chochote. Tarehe nazo Excel inazigeuza inavyotaka. Halafu tulipopakia vitabu 2,000 vya kwanza Koha ikasema vimeingia vizuri, tunatafuta, hakuna kitu, tunatafuta tena, hakuna, mwalimu wa kompyuta amekaa kimya anatazama skrini kama amefiwa. Kumbe Koha ina kitu kinaitwa Zebra, ndo kinachotengeneza faharasa ya kutafutia, vitabu vipo kwenye hifadhidata ila faharasa haijavijua, kuna amri moja unaandika kuijenga upya, dakika kumi vikatokea vyote. Nilitamani kuikumbatia ile desktopu.

Na kingine, siku ya kufungua. Tumewaita kidato cha tano waje waazime kwa mfumo mpya, mkuu yupo, kamera ya simu ipo, mwanafunzi wa kwanza anakuja, namskani kitabu, Koha inakataa, inasema ameshazidisha idadi ya vitabu na mtoto hajawahi kuazima hata kimoja. Usipoiambia kanuni za kuazimisha, aina gani ya msomaji anachukua vitabu vingapi kwa siku ngapi, yenyewe inahesabu ruhusa ni sifuri. Mkuu akasema basi endeleeni, akaondoka. Kuiweka sawa ilituchukua dakika tano lakini picha ilikuwa imeshaharibika.

Vifaa vya pembeni sitasema sana. Skana ya bakodi nilinunua Kariakoo 85,000, ya waya, na watu wanaiogopa bure, ile ni kibodi tu, ukiskani ni kama umeandika namba ukabonyeza Enter, ijaribu kwenye Notepad palepale dukani kabla hujatoa hela. Stika ndo jela. Koha inakutengenezea PDF ya lebo, unachapa kwenye stika za A4, na kila printa ina pembezoni zake, mstari wa kwanza unakaa sawa wa kumi umepanda juu ya mwenzake, tumeharibu karatasi nyingi sana kabla hatujajua kwamba kuna mahali humo ndani pa kuirekebishia printa yako kwa milimita. Kwahiyo chapeni kwanza kwenye karatasi ya kawaida, muiweke juu ya stika muangalie kwenye mwanga.

Sasa nifike kwenye kilichonifurahisha kuliko vyote, katalogi ya vitabu vya Kiswahili. Koha ina uwezo wa kwenda kuuliza maktaba nyingine duniani kama wanayo rekodi ya kitabu hiki, inaitwa Z39.50, jina baya lakini kazi tamu, unaandika ISBN au jina, inakuletea rekodi nzima, unaibadilisha kidogo, unahifadhi. Nilijua kwa vitabu vya Kiingereza itafanya kazi, vya kwetu sikutegemea. Nikachukua riwaya moja ya zamani ya Kiswahili, jalada limeshaliwa, chapa ya Dar miaka ya sabini huko, nikaandika jina lake nikaiambia katafute maktaba ya Bunge la Marekani. Ikarudi nayo. Mwandishi, mchapishaji, idadi ya kurasa, namba ya Dewey, kila kitu. Nikabaki najiuliza hii kitu ilifikaje Washington kabla haijafika kwenye katalogi ya mkoa wangu. Binti wa Bagamoyo ndo akanielimisha, ile maktaba ina ofisi Nairobi tangu 1966, kazi yao kukusanya machapisho ya nchi za ukanda huu, wananunua, wanaorodhesha, wanatuma. Kwahiyo kuna mtu alikaa Nairobi miaka hiyo akaifanya kazi yangu ya leo, Mungu ambariki.

Riwaya na hadithi za Kiswahili kwenye Dewey zinakaa 896.3923 na ushairi 896.3921, lugha yenyewe 496.392. Zamani kwetu vyote hivyo vilikuwa rafu moja imeandikwa KISWAHILI kwa chaki, sarufi, mashairi, tamthilia, hadi kitabu kimoja cha mapishi kwasababu kimeandikwa kwa Kiswahili. Saivi mapishi yameenda 641.5 na mwalimu wa Kiswahili analalamika kwamba rafu yake imepungua.

Vitabu vya kiada ni hadithi tofauti, huko rekodi nyingi tuliziandika wenyewe, ila uzuri ni kwamba kitabu kimoja kina nakala 120 zinazofanana, unaandika rekodi moja, unaiambia nakala ngapi, inazipanda zenyewe na namba za bakodi zinafuatana. Na vile vya Taasisi ya Elimu ambavyo vipo kwenye maktaba mtandao yao tukaweka linki kwenye 856, namba ya MARC ya linki, mwalimu akitafuta akikuta nakala zote zimeazimwa anabonyeza anasoma kwenye simu. Katalogi yenyewe walimu wanaifungua kwa Wi-Fi ya ndani bila bando, maana seva iko hapahapa chumba cha pili, hata intaneti ikikata inafunguka.

Kuna mwalimu kijana alitushauri tusijisumbue, tuipe ile roboti ya kuchati orodha ya majina ya vitabu itupe namba za Dewey zote kwa mpigo. Tukajaribu kwa vitabu 60. Vya Kemia, Historia, Hesabu, vingi ilipatia au ilikaribia. Vya Kiswahili ikaanza kutunga, diwani ya mashairi ikaipeleka kwenye ufugaji kwasababu jina lina mnyama, na inakuambia kwa kujiamini kabisa bila hata kusitasita. Tumeipa kazi ya kutunga muhtasari wa rekodi za Kiingereza, huko inatusaidia, na hata huo mama wa kaunta anausoma kwanza.

Umeme. Hapa ndo nyota ya tano ilipopotelea, japo kosa ni letu nusu. Kwetu mlinzi anazima swichi kuu ya jengo saa nne usiku baada ya prepu, anawasha saa moja na nusu asubuhi, hiyo ni sheria tangu enzi. Miezi mitatu imepita nagundua faini hazihesabiwi, orodha ya waliochelewesha wenye faini iko tupu, na kibaya zaidi bakapu, nakala ya akiba ya data zote, ya mwisho ni ya siku tuliyokesha tunafunga mfumo. Debian kazi zake za kila siku inazifanya saa 12:25 asubuhi, Koha nayo imejipachika humohumo, hesabu za waliochelewa, bakapu, zote, na saa hiyo mashine yetu imelala miezi mitatu mfululizo. Dawa ni kipakeji kidogo kinaitwa anacron, mashine ikiwaka inajiuliza jana nilikosa nini inafanya. Kitu cha dakika mbili. Lakini ingekuwa diski imekufa kwenye ile miezi ingekuwa 340 nyingine, na hizi ningezipoteza kisasa. Sasa kila Ijumaa nakopi bakapu kwenye flashi mbili, moja iko kwa mhasibu, moja kwenye pochi yangu, kwasababu bakapu inayokaa kwenye mashine hiyohiyo ni sawa na kuficha ufunguo wa akiba ndani ya nyumba uliyoifunga.

Kalenda nayo iwekeni mapema. Tusipoiweka inampa mtoto tarehe ya kurudisha 20 Desemba wakati yuko kwao Tunduma likizo, Januari anarudi anakuta faini inamsubiri getini, wazazi wakaja juu na walikuwa sahihi.

Taarifa za kukumbusha kwa SMS na barua pepe tumeziacha, wanafunzi wa bweni simu hawaruhusiwi, tunachapa orodha tunabandika ubaoni na aibu inafanya kazi kuliko SMS. Mwalimu wa nidhamu alikuja kuniomba nimtolee ripoti ya kila mwanafunzi amesoma vitabu gani mwaka mzima, anataka kuona wanaosoma riwaya za mapenzi. Koha kweli inayo hiyo historia, na kuna sehemu ya kuiondoa jina la msomaji baada ya kitabu kurudi, nikaiwasha jioni ileile. Nikamwambia mwalimu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inafanya kazi tangu Mei 2023, na wewe mwenyewe kuna vitabu umeazima humu nikae kimya? Akacheka akaenda zake.

Novemba ndo nikaona faida yake kwa macho. Kidato cha nne wanamaliza mitihani, wanakuja na fomu za kliaransi tusaini waondoke, miaka ya nyuma hiyo siku ilikuwa vita, mtoto anaapa amerudisha, daftari linasema hajarudisha, mzazi amekuja na bodaboda imesimama nje inahesabu hela. Safari hii mama wa kaunta amekaa mbele ya skrini, anaita namba, anaskani kadi, una kimoja cha Baiolojia mwanangu kalete, anayefuata. Wanafunzi 140 tulimaliza kabla ya chakula cha mchana. Vilivyopotea jumla vinne, na tunajua vinne hivyo ni vya nani.

Kama maktaba yako ina vitabu chini ya elfu moja na huna mtu anayeweza kuandika amri kwenye Linux bila kutetemeka, acha, Excel inakutosha na utalala. Koha inatoa toleo jipya kila Mei na Novemba, namba ya toleo ni mwaka na mwezi wake, kwahiyo ukiiacha miaka mitatu umeachwa mbali, na kuipandisha kunataka mtu. Sisi tunapandisha mara moja kwa mwaka likizo ya Juni, bakapu kwanza, sala kidogo, halafu amri. Na mwalimu wa kompyuta akihama? Hilo swali mkuu aliniuliza, ndo sababu Alhamisi bado zipo, sasa tuna wanafunzi wawili wa kidato cha tatu wanakaa nasi, mmoja juzi alijenga Zebra upya mwenyewe mi nimeenda chai.

Gharama zote kwa pamoja, RAM, skana, stika, UPS ya mtumba, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, ruta, ni kama 620,000. Semina ilikuwa zaidi ya hiyo kabla hata ya nauli.

Daftari jekundu halijafa, liko chini ya kaunta kwa ajili ya umeme ukikata, UPS inatupa dakika kumi na tano tu za kuzima seva kistaarabu. Alhamisi iliyopita ulikatika saa nne asubuhi ukarudi saa kumi, daftari likapata majina 31, jioni nikayaingiza kwenye Koha moja baada ya jingine, 30 yameingia, la 31 tumelizunguka watu wanne na miwani hatujalisoma mpaka leo. Kitabu ni kamusi, mwandiko ni wa mwalimu wa Kiswahili, na yeye anasema hakuazima kitu siku hiyo.